Siigusi Breki ya Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kaniaibisha. Kasema Alhamisi ataenda kliniki kwa pikipiki ya Taratibu. Taratibu! Dereva wa bodaboda mwenzangu, tunapaki kituo kimoja, mtu anayepitwa na bata. Pikipiki yangu imesimama hapo mlangoni, halafu mke wangu mjamzito abebwe na mwanamume mwingine mtaa mzima ukitazama!

Sababu yenyewe ndogo tu. Mwezi uliopita nilikanyaga breki kwenye geti la kliniki, tukaja kusimama mbele kidogo, kwa fundi wa majeneza. Yule bwana alitupokea vizuri. Alimtazama mke wangu kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayepima. Mke wangu mpaka leo hajasahau. Kasema tumboni ana mtoto mmoja, wa akiba hana.

Nimemweleza kwamba mimi ndiye salama kuliko wote. Waya wa breki ya mbele niliung'oa zamani, natumia ya nyuma peke yake. Kituoni kila mtu anajua: ukigusa ya mbele, pikipiki inabinuka, unaruka kama chura. Mjomba wangu aliigusa siku moja, meno yakaisha, hadi leo anakunywa uji tu. Mke wangu kasema mjomba siku ile alikuwa amelewa, tena kwenye kona yenye mchanga. Hayo ni mambo ya pembeni.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata akili! Nikimwonyesha kwamba breki ya nyuma inatosha, Taratibu kwisha habari yake. Nimefunga gunia la mchanga kwenye siti ya nyuma, liwe badala ya mke wangu. Nikaenda uwanja wa mpira, nikachora mstari wa kusimamia, nikaja kasi, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

Sielewi kilichotokea. Tairi la nyuma liliganda, pikipiki ikaanza kutembea ubavu ubavu. Nilikuwa naelekea goli la upande wa sokoni, nikasimama nikitazama goli la upande wa nyumbani. Mstari nilishauvuka zamani. Gunia lilitangulia.

Kugeuka, Taratibu huyo hapo, kaegemea nguzo. Hakucheka, ndiyo maana nimekasirika zaidi. Kaomba na yeye ajaribu. Kaja kasi ileile, kakanyaga, kabana ya mbele polepole, kasimama kabla ya mstari. Hakubinuka! Nimezunguka pikipiki yake nikitafuta ujanja. Sikuuona. Nimemwambia upepo ulikuwa unamzuia. Kaniuliza upepo gani.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu kanipeleka kwa fundi pikipiki, kanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Fundi kaeleza: ukishika breki, uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linalong'ang'ania barabara, la nyuma linabaki jepesi. Kasema nitumie zote mbili pamoja, ile ya mbele niibane taratibu, nisiikwapue, na pikipiki iwe imenyooka.

Nimemuuliza: kama uzito unakimbilia mbele, si tuweke mawe nyuma ili urudi? Fundi kaweka spana chini. Kaenda kunywa maji. Nadhani swali lilikuwa zito kwake.

Mke wangu katoa amri ya mwisho. Waya urudishwe, la sivyo apande kwa Taratibu, na siku ya kujifungua pia Taratibu ndiye atakayempeleka. Hilo limenichoma. Mwanangu aje duniani kwa pikipiki ya Taratibu? Kamwe! Fundi karudisha waya.

Lakini mimi si mjinga. Nimekubali mdomoni tu, vidoleni nimekataa. Breki ya mbele itakuwepo, ila sitaigusa ng'o.

Alhamisi, 7 Machi

Tulikuwa tunateremka mteremko wa shule, mke wangu nyuma, tumbo lake limenigusa mgongoni. Mara mkokoteni wa vitunguu ukachomoka uchochoroni. Mama yangu! Nikafumba macho.

Nilipofumbua, tumesimama. Tumenyooka wima, vitunguu viko karibu na pua yangu, msukuma mkokoteni anasali. Mtoto akanipiga teke la mgongo kutoka ndani ya mama yake. Hapo machozi yakanitoka, sifichi. Ningewapoteza wote wawili asubuhi moja.

Mke wangu hakunigombeza. Kasema kwa sauti ya chini kwamba alijua nitazitumia breki zote mbili. Nikashangaa. Kutazama, vidole vyangu vya mkono wa kulia vimeng'ang'ania breki ya mbele! Nani kaviagiza? Mke wangu kalazimika kuvibandua kimoja kimoja.

Kliniki, muuguzi kapapasa tumbo, kasema mtoto ameshageuka, kichwa kiko chini. Nimeruka kutoka kwenye benchi. Nilisema mimi! Breki ya mbele inabinua watu, na leo imembinua mwanangu! Muuguzi kasema ndivyo anavyotakiwa kukaa, hata wiki iliyopita yaelekea alikuwa hivyohivyo. Kanionea huruma tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewaza siku nzima hadi kichwa kinauma, lakini sasa mambo yamenyooka. Breki ya mbele hubinua. Pikipiki haikubinuka. Kwa hiyo breki ya mbele haikufanya kazi, ila kwa mtoto. Sasa pikipiki ilisimamishwa na nini? Woga! Sijawahi kuogopa vile maishani, na sijawahi kusimama vizuri vile. Mtu mwenye woga wa kutosha hahitaji ule waya.

Nimekwenda kwa fundi aung'oe. Kanifukuza na pampu mkononi. Haidhuru, nitaung'oa mwenyewe.

Nimerudi nyumbani kutafuta koleo, nikakuta mke wangu kauchukua ufunguo wa pikipiki, kautia kifuani. Kasema anaogopa. Nimemtuliza, nimemwambia asiogope. Kisha nikashtuka: huo woga ndio breki yetu! Nimemwambia basi aendelee kuogopa, tena azidishe, lakini ufunguo anirudishie.

Hajanirudishia.