Vita vya Humphrey na Seva Iliyogoma Masasi

Sogeeni, enyi watu wa Masasi, nanyi wa Newala mlioteremka na malori ya korosho mkakuta geti la ghala limefungwa. Sikilizeni habari za Humphrey, bingwa wa kompyuta, simba wa vyeti, aliyetoka Dar es Salaam mwaka ule soko lilipofanywa huria, akaiua seva ya Unix kwa mkono wake mwenyewe alipokuwa akiitibu.

Maana haikuwa na ugonjwa. Jumatatu iliorodhesha wakulima na magunia yao bila kulalamika. Jumanne Humphrey akaibandika kiraka cha kurekebisha mfumo, ambacho hakuna aliyekiomba, akaizima, akaiwasha, nayo ikakataa kuamka. Siku mbili alipigana nayo. Mashine iliuliza iamke vipi, yeye akabonyeza Enter, ikaanguka. Akabonyeza tena kwa ghadhabu ya majemedari, mara arobaini, akitaraji ya arobaini na moja itaona haya.

Alhamisi asubuhi, aliposhindwa, alishika silaha aliyoizoea zaidi, kalamu, akaandika barua: mhudumu Perpetua ameigonga seva kwa fagio. Meneja Abdulkadiri angerudi kutoka Newala saa nne, atie sahihi, na Perpetua asiwe na kazi.

Perpetua aliisoma barua ile akipangusa meza. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake, Ethel, kule Lukuledi. Tena dawa aliijua. January, fundi aliyeifunga mashine, alibandika kikaratasi nyuma yake kabla hajahama, mahali ambapo kitambaa cha Perpetua kilipita kila asubuhi na ambapo bingwa hakuwahi kuinama, akihofia vumbi kwenye suruali. Mara mbili Perpetua alijaribu kumwambia Humphrey. Mara mbili aliambiwa akadeki.

Sasa alisimama mlangoni, ndoo mkononi.

“Mwanangu Humphrey, wewe uliyesoma ukamaliza, mimi ninayejua kufagia tu nakuuliza: unataka mashine iamke, au unataka mimi niondoke? Maana vyote viwili huvipati.”

Humphrey akavuta pumzi ya kifalme. “Mama Ethel, mambo haya yana kina ambacho fagio halikifikii.”

“Fagio limefika. Kuna maandishi huko nyuma. Lakini kwanza andika barua nyingine, kwa mkono huohuo, kwamba kiraka ni chako.”

Nje malori yalipiga honi. Ilikuwa saa tatu na nusu. Bingwa akatazama saa, akatazama geti, akaandika. Perpetua akasoma neno kwa neno, akaifutika barua kwenye kitenge, ndipo akainama nyuma ya mashine na kumsomea: ikigoma baada ya kiraka na kuuliza, usibonyeze Enter, andika unix.old, kiini cha zamani cha mfumo, cha kabla ya kiraka.

Herufi saba na nukta. Humphrey akazipiga, na seva ikaamka, ikaendelea na orodha pale ilipoishia.

Meneja alipoingia, bingwa alikuwa tayari amepanda juu ya hotuba yake. “Nilipambana, mzee, nilipambana peke yangu.” Perpetua akaweka barua ya pili juu ya ya kwanza. Abdulkadiri akazisoma zote mbili taratibu, akaichana ya kwanza, ya pili akaitia sahihi.

Basi na iandikwe katika tarikhi ya Masasi kwamba Humphrey, simba wa vyeti, aliirudisha seva pale alipoikuta Jumatatu, na kwamba ushindi huo uligharimu siku tatu, malori kumi na moja yakiwa juani, na barua moja ya kweli, ya kwanza kuandikwa na mkono wake.