Serikali Imekimbia, Muhuri Ninao Mimi

Jumapili, 9 Machi 1997

Kituo cha polisi kitupu. Nimechungulia dirishani mwenyewe. Sare zimetundikwa kwenye uzio wa bustani kama nguo zilizofuliwa. Mkuu wa kituo, inasemekana, amevuka daraja akiwa amejifunga kitambaa cha mkewe kichwani. Meya alitangulia Ijumaa. Alisema anakwenda Tirana kwa mashauriano. Alibeba televisheni.

Kinyozi Xhevahir, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ametangaza mbele ya wateja wanne kwamba Albania imekwisha. Kampuni za kuzidisha akiba zimemeza fedha za watu wote, ofisi zimechomwa, askari wamevua sare. Kimebaki nini? Nikamjibu kwamba taifa lenye daftari la vizazi na vifo haliwezi kwisha kwa wiki moja. Najua ninachosema. Mimi, Ligor Babani, ni karani wa vizazi na vifo katika Manispaa ya Shpellas, mwaka wa ishirini na sita, bila kupandishwa cheo. Wateja wakacheka. Xhevahir akanikata sikio kidogo, akasema ni mimi niliyetikisika.

Mama mkwe, Bibi Polikseni, hasemi nami tangu Januari. Ni mimi niliyemshauri auze shamba lake la mizabibu na kuingiza fedha katika mojawapo ya kampuni hizo. Sasa maneno yake hunifikia kupitia mke wangu, Aspasia, hata tukiwa meza moja. Mwambie huyo asogeze chumvi.

Nimefikiri sana leo. Serikali ikianguka, nafasi nyingi hubaki wazi.

Jumatatu, 10 Machi

Kambi ya jeshi kule kilimani iko wazi. Askari waliifungua wenyewe, wakaenda makwao. Mji mzima ukapanda kuchukua silaha. Nami nikapanda. Nikasimama kwenye foleni, kama mtu mstaarabu. Baada ya nusu saa nikagundua kwamba foleni ni mimi peke yangu. Wengine walikuwa wakiingilia madirishani.

Nilipoingia lilibaki sanduku moja, limepigiliwa misumari, zito mno. Bahati! Mimi na Thanas, binamu yake Aspasia, tukalibeba hadi mjini. Watu walitupisha kwa heshima. Wengine walivua kofia.

Tumelifungua nyumbani. Bunduki ishirini na nne za mbao, za kufundishia wanafunzi kwata. Zimepakwa rangi vizuri, siwezi kulalamika.

Bibi Polikseni, miaka sabini na mitatu, amerudi na Kalashnikov moja, mablanketi mawili ya jeshi na sufuria. Xhevahir amepata bunduki ya rashasha. Ameiweka kwenye dirisha la duka lake, kati ya chupa za marashi.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kazini kama kawaida, saa mbili kamili. Mlango wa manispaa hakuna. Sisemi umevunjwa, hakuna. Viti vimebebwa, mapazia yamebebwa, hata choo kimeng'olewa. Nikiwa ngazini nikakiona kiti cha meya kikipita juu ya mabega ya Xhevahir. Akanisalimu.

Daftari langu lilikuwa palepale. Hakuna aliyelitaka. Na chini ya kabati, kwenye vumbi, nikauona muhuri wa manispaa. Ule wa mviringo, wenye tai wa vichwa viwili! Kwa miaka ishirini na sita meya alikuwa akiufungia kwenye sefu, nami nikigonga mlango kuuomba.

Nikaketi sakafuni nikafikiri. Meya ni nani? Ni mtu mwenye muhuri. Serikali ni nini? Ni muhuri na mahali pa kuupiga. Basi serikali ya Shpellas kwa sasa iko mfukoni mwangu, pamoja na kisahani cha wino.

Aspasia ameuliza kwa nini suruali ina doa la zambarau. Nimemwambia ni mambo ya utawala.

Alhamisi, 13 Machi

Mkutano wa kuunda Kamati ya Usalama, kwenye ukumbi wa sinema. Nilikwenda nimevaa tai, na hotuba ya kurasa nne. Niliamini watanichagua mwenyekiti. Nani mwingine mjini anajua taratibu?

Wamemchagua Xhevahir. Sababu zilizotolewa: ana rashasha, na tayari ana kiti.

Mimi nimepewa foleni ya mkate. Nikasimama nikaeleza kwamba uamuzi wowote usio na muhuri ni batili, na muhuri ninao mimi. Nikautoa wauone. Ukumbi ukaangua kicheko. Xhevahir hakucheka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Ligor, ndugu yangu, nchi yenyewe haipo. Sasa unampigia nani muhuri?"

Jibu zuri sana limenijia nilipofika nyumbani. Kesho nitakuwa nimelisahau, na hata hivyo halina kazi tena.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeanza kutawala bila kamati. Mpango ni rahisi: meza darajani, mimi na muhuri, na walinzi wawili wenye bunduki. Kila anayetoka mjini apate kibali. Watu wakishazoea kuomba kibali kwangu, Xhevahir atabaki mwenyekiti wa kiti.

Walinzi: Thanas, na tarishi mstaafu Sotir. Niliwapa zile za mbao, nikawaagiza wasisimame karibu na watu.

Gari la kwanza lilikuja saa nne. Ndani wanaume watano, bunduki halisi. Mmoja akashuka, akaishika bunduki ya Sotir, akaigonga kwa kidole. Ko, ko. Hawakutupiga. Walicheka hadi wakaegemea gari. Kisha wakaichukua meza.

Kibali wamekataa.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ndefu. Naandika kwa utaratibu.

Asubuhi Xhevahir alibisha hodi. Alikuja bila rashasha. Binti yake, Flutura, ameshikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku yake ya kujifungua. Mume wake yuko Ugiriki kazini. Zahanati yetu imeporwa mpaka vitanda, na mkunga amekimbilia kwa dada yake. Hospitali iko mji wa chini, kilomita thelathini na nane, na barabarani kuna vizuizi vitatu vya watu wenye silaha. Akienda na bunduki watampiga risasi. Akienda bila bunduki watamnyang'anya gari.

Akatazama viatu vyake. Akauliza kama bado ninao ule muhuri.

Nakiri nilifurahi. Nikamkaribisha akae. Nikamwambia jambo hilo linawezekana, lakini kwanza tuzungumzie uongozi wa kamati, maana hati ya namna hii hutiwa saini na mwenyekiti, na ingefaa mwenyekiti awe yule mwenye…

"Andika," akasema Bibi Polikseni.

Alikuwa pembeni mwa jiko, Kalashnikov mapajani. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Januari. Nikaandika. Nikapiga muhuri mara tatu.

Tukaondoka kwa gari la mizigo la mwoka mikate. Thanas aliendesha. Flutura alilala nyuma juu ya magunia matupu, amekishika kiganja cha Bibi Polikseni. Bibi alikubali kuiacha bunduki nyumbani, ila si mablanketi. Mimi nilibeba daftari. Sijui kwa nini. Mazoea.

Kizuizi cha kwanza: magogo na trekta. Mtu mwenye ndevu akaichukua karatasi, akaitazama, akamwita mwenzake. Nikaona mkono wake umenyooka ubavuni, kama mbele ya afisa. Akauliza kama ofisi imefunguliwa. Nikasema ofisi ni mimi. Akasema amepata mtoto wa kiume tarehe tatu na hajui amwandikishe wapi, na mkewe anamlaumu kila siku. Nikafungua daftari juu ya boneti ya gari nikamwandika. Akaja mwingine, mapacha. Akaja mzee, kaka yake ameuawa kwa risasi zilizorushwa hewani kwa furaha. Alitaka jina liandikwe vizuri, kwa herufi mbili za l. Dakika kumi, watu saba. Xhevahir akanivuta shati akaniambia, Ligor, binti yangu. Tukapita.

Kizuizi cha pili vivyo hivyo, ila nilikataa foleni. Niliahidi kurudi.

Cha tatu kilikuwa kibaya. Wanaume saba, wachovu, macho mekundu. Mkuu wao hakuisoma karatasi.

"Hii ni ya nchi gani, mzee?"

Nikaanza kumweleza. Nilieleza vibaya. Nilitaja sheria ya mwaka 1929. Akaniambia nishuke, na funguo zibaki. Xhevahir akashuka akapiga magoti kwenye tope, yeye, mwenyekiti. Hapo Flutura akapiga ukelele, na mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi Polikseni akasimama juu ya gari, mikono ya gauni imekunjwa, akawatupia yale mablanketi.

"Shikeni hizi. Mgeuke."

Wakageuka. Wanaume saba, bunduki mgongoni, wakashika mablanketi kama pazia, nyuso zikiangalia mlima. Mmoja alikuwa akitetemeka zaidi ya Flutura. Mkuu wao akaagiza maji ya moto kutoka kwenye nyumba ya jirani. Ilichukua karibu saa moja.

Msichana. Mdogo, mwekundu, ana sauti. Walitaka kufyatua risasi hewani. Bibi Polikseni akawaambia wakithubutu atawachapa. Wakaweka bunduki chini wakaomba kumwona, mmoja mmoja.

Nikafungua daftari. Tarehe, sawa. Mahali pa kuzaliwa: barabarani. Mama, baba. Kisha nikafika safu ya uraia, nikasimama. Nikamtazama Xhevahir. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyesema nchi haipo, na mimi siandiki uongo kwenye daftari la serikali.

Alikuwa analia, hata hakujifuta.

"Andika Mwalbania, bwana," akasema. "Utaandika nini kingine?"

Nikaandika.

Wale saba wakatusindikiza hadi hospitali kwa magari mawili. Mama na mtoto wazima. Mtoto wamemwita Shpresa, yaani Tumaini. Nilipendekeza Ligorina. Halikupita.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi kwenye vizuizi kama nilivyoahidi. Watu wanasubiri pembeni mwa barabara, wamekaa juu ya mawe, watoto wamefunikwa. Leo nimewamaliza; jumla ya niliowaandika njiani ni thelathini na mmoja. Wananipa kahawa. Wananiita bwana karani. Juzi mmoja aliniita mheshimiwa, nikamwomba arudie.

Bibi Polikseni sasa anasema nami. Leo ameniambia nina makombo kwenye masharubu.

Jumanne, 22 Aprili

Askari wa kigeni wamefika bandarini wiki iliyopita, Waitaliano na wengine, na mambo yanatulia. Meya amerudi, bila televisheni. Akaniita, akanyoosha mkono, nikampa muhuri. Akaufungia kwenye sefu. Sefu haina tena ukuta wa nyuma, lakini sikutaka kumwambia. Akalipitia daftari, akasema kurasa zina matope. Cheo changu kinabaki palepale.

Haidhuru. Bunge linachaguliwa Juni, nami nitagombea! Xhevahir naye anagombea. Alikuja jana na chupa ya raki, akaomba kwa adabu niwe msaidizi wake. Akasema watu wanakumbuka ile safari, tukiwa pamoja hatushindwi. Aspasia alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamkatalia. Kwa nini niwe wa pili, wakati nimeuona upendo wa watu kwa macho yangu?

Nimepiga hesabu. Nina watu thelathini na mmoja wa uhakika, majina yao yote ninayo kwa mwandiko wangu. Ishirini na saba hawajaota meno, na wanne ni marehemu. Lakini huo ndio mwanzo, na hotuba ninayo tayari. Imefika kurasa tisa.