Hita ya Bi Mwanamvua

Badru alikuwa akipita zake kwa pikipiki mtaa wa Picha ya Ndege, hana hili wala lile, aliposikia yowe la mwanamke kutoka bafu la nyumba moja kando ya njia. Mtu mwema angekimbilia kuuliza kama kuna nyoka. Badru alizima injini, akatega sikio.

"Jamani, shawa inanimwagia barafu!"

Moyo wake ukacheza ngoma ya mdundiko. Alikuwa akitafuta hita ya shawa kwa udi na uvumba. Kule Soga alikuwa amemposa Maulida, na mama wa binti, Bi Kudra, mwenye magoti yanayolia kama bawaba kavu, alishatamka mbele ya wazee: atakayemwekea maji ya moto bafuni ndiye mkwe, mwingine akaoe kwao. Kununua dukani Badru hakutaka. Aliona ni kudharau kipaji alichojaliwa, cha kuchukua vya watu kwa maneno matamu.

Nyumba ile ilikuwa na harusi. Turubai limefungwa, masufuria yamepangwa, na mabibi waliotoka Marui na Maneromango wamekaa mkekani wakingoja zamu ya kuoga.

"Hodi hapa! Shikamooni mama zangu. Fundi wa maji ya moto nimefika."

"Marahaba. Nani kakuita?" akauliza mwenye nyumba, Bi Mwanamvua, mama mfupi mpana, mwenye jicho la kuchambua mchele.

Fundi asiyejulikana haachiwi bafu la watu. Lakini mtani haombi ruhusa.

"Nimeitwa na utani, mama! Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Nimesikia Wazaramo wanaoga baridi, nikasema loo, mateka wangu watakufa na vichomi kabla sijala pilau lao!"

Mabibi wakaangua kicheko. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ni wa tangu mababu: mtani hutukana, hunyang'anya, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Badru mwenyewe alikuwa Mzaramo wa Maneromango, kwa baba na kwa mama. Ila hilo hakuulizwa, naye si mtu wa kujibu asichoulizwa.

Akaingizwa bafuni. Jicho lake likatua kwenye swichi ya hita, pale nje ya mlango. Imezimwa. Na matundu ya shawa yameziba kwa chumvi ya maji ya kisima. Kazi ya kubonyeza na kusugua, basi. Badru akakunja uso kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, hita imekufa. Inavujisha umeme. Bibi harusi akiingia humu, mtazika badala ya kuozesha. Naing'oa niipeleke kwa mwenzangu, jioni nairudisha."

"Maskini," akasema Bi Mwanamvua. "Basi sugua na hayo matundu, baba. Isiende kwa watu na uchafu wetu."

Badru akasugua mpaka shawa ikang'aa. Akaing'oa hita, akaifunga tambara, akatoka kaikumbatia kama mtoto wa kwanza.

Nje, juu ya pikipiki yake, walikuwa wamekaa mabibi wawili.

"Funguo, mtani."

"Bibi, nina haraka..."

"Haraka ya nini? Mnyamwezi akiingia harusini kwetu, alichonacho ni chetu mpaka ajikomboe. Lete funguo! Na viatu! Na hicho kitoto chako!"

Badru akacheka, maana mtani hakasiriki. Akanyang'anywa funguo na simu, akavuliwa viatu, huku anacheka. Akafungwa kanga kiunoni huku anacheka. Akapewa shoka apasue kuni, na hapo kicheko kikaanza kukauka. Hita ikarudi mikononi mwa Bi Mwanamvua, aliyeipokea bila mshangao wowote.

Mara bajaji ikateremsha mgeni kutoka Soga. Akashuka kwa kuugulia magoti, akainua macho, akamwona mpasua kuni.

"Badru! Si mkwe wangu wewe?"

"Huyu?" wakasema mabibi. "Huyu mtani, Mnyamwezi wa Tabora."

"Tabora! Kwangu kasema Mzaramo wa Maneromango, na mjomba wake kaja naye kuposa!"

Badru akapiga hesabu upesi. Akisema Mzaramo, basi si mtani, na asiye mtani aliyekutwa na hita ya watu kifuani ana jina lake, ambalo huitwa kwa sauti kubwa na watu wenye fimbo. Akisema Mnyamwezi, kwaheri Maulida: mkwe mwongo haozwi.

"Mnyamwezi," akasema, kama anayemeza mfupa. "Wa Urambo hasa."

"Ahaa!" Bi Kudra akapiga makofi. "Basi yule mbuzi wa posa nimemla kiutani. Usimdai."

Bi Mwanamvua akamrudisha bafuni afunge hita ukutani. Alipomaliza, mama yule akabonyeza swichi kwa kidole kidogo. Taa nyekundu ikawaka.

"Niliizima mimi," akamnong'oneza. "Wageni wote hawa, na umeme wangu wa luku? Nilikuona ulivyoiangalia, mwanangu. Haya, pikipiki utaikomboa kwa ile hita anayoililia Bi Kudra, mpya. Ya dukani. Na risiti."

Kupiga kelele hakuweza. Angepiga kuhusu nini?

Basi wakamrudishia simu atolee pesa, viatu wakabaki navyo. Badru akaenda Maili Moja kwa miguu, kanga kiunoni, akasimama mbele ya kaunta ya duka kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Hita hii ya kwako, kaka?" akauliza muuzaji akiandika risiti.

"Hapana," akasema Badru. "Ya mama mkwe wa mtu mwingine."