Kebo Iliyofika Dirishani

Jumatatu, 11 Machi 1957

...na macho yake sijayamaliza kuyaeleza! Jana karatasi iliniishia nikiwa kwenye nyusi. Shemsa wangu! Tangu harusi, nikimwona nasahau hata kuvua viatu.

Kazini: Mzee Pandu, fundi mkuu wa simu ya upepo hapa bandarini, kaleta makopo mawili ya shaba ya kuchuja mawimbi, ili maneno ya uwanja wa ndege yasiingie katika yetu. Niyaunganishe kwa kebo fupi aliyoikata mwenyewe. Yakikaa sawa, Jumamosi nina ruhusa ya kumpeleka Shemsa Mangapwani kwa mama yake. Yasipokaa, ruhusa ni ya Msabah, mwenzangu wa kazi. Msabah! Hana hata mchumba.

Jumanne, 12 Machi

Uvumbuzi! Kutoka dirisha la kazini laonekana dirisha la nyumba yetu, mtaani Malindi. Kopo la pili nikalihamishia hapo. Kebo ya Mzee haikufika. Nikakata nyingine, ndefu. Kebo ni kebo. Nimekaza skrubu kutwa huku namtazama mke wangu akichana nywele.

Jumatano, 13 Machi

Balaa. Nahodha wa tagi, ile mashua ya kuvuta meli, aliuliza kina cha maji, akaambiwa ateremke polepole, uwanja mkavu. Msabah alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Pandu aliifuata kebo kwa kidole, kopo hadi kopo.

"Miraji mwanangu, aliyeoa ni wewe. Kebo nayo inafuata nini dirishani?"

Akaeleza kuwa urefu wa kebo ni sehemu ya mchujo. Ukikosea, makopo hayasaidiani. Ruhusa kapewa Msabah.

Nyumbani, malalamiko.

"Bwana, huko bandarini kuna jitu halina haya. Jana limenikodolea macho kutwa. Leo nimefunga dirisha."

Nikamwambia nitalishughulikia.

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudisha kebo fupi. Bandari inasikika safi. Mzee kalainika, akaniongezea somo: kebo yaweza kurefushwa, ila kwa kipimo maalumu, nusu wimbi kila mara, si kwa kukisia. Alipokwenda kusali nikapima sakafu. Vipimo vinne kamili hadi dirishani!

Jumamosi, Msabah akiwa ruhusani, nahamisha kopo. Shemsa nimemwambia afungue dirisha bila wasiwasi, lile jitu limefukuzwa. Na mama mkwe aandae mikeka: mawimbi yakikaa sawa, ruhusa ijayo ni yangu, na kabla mwezi huu wa Shaabani haujaisha, tutakuwa kwake Mangapwani.