Mkwe Aliyetania Msibani

Jumatatu, 2 Julai 1956

Kosa la wengi ni kudhani kwamba watu wakishacheka, kichekesho kimekwisha. Hapo ndipo kinapoanza kuhitaji maelezo. Nimefundisha miaka mingi, najua.

Seifu, mwenye duka na redio, amesema gari la kurekodi kutoka Dar es Salaam litafika Jumamosi kutafuta waimbaji na wachekeshaji. Basi, nimepata. Sauti yangu isikike hadi Bukoba, nialikwe huku na huku, nitajirike, nigawe. Jioni nimetangaza mbele ya zahanati kwamba nitaiezeka kwa bati. Wagonjwa wamepiga makofi. Mke wangu, Stefania, ameuliza jiko letu linalovuja litaezekwa na redio ipi.

Jumatano, 4 Julai

Msiba. Mzee Raimundi, baba mdogo wa Stefania. Kwangu mimi, baba mkwe. Na mjane wake, Bibi Balbina, ni mama mkwe.

Fulgensi mvuvi ni mtani wa ukoo wao. Kaburi lilipokuwa tayari aliingia, akalala, akagoma kutoka. Alidai Raimundi alikoroma mno, kwa hiyo yeye anatangulia kuwaomba radhi majirani wa huko chini. Mjane alicheka huku machozi yanamtoka.

Kwa nini mtu acheke kaburini? Nimelitafakari sana. Nikaona hadhira iko tayari. Mazoezi bora ningeyapata wapi? Nikasimama, nikasema marehemu alipenda wali kiasi kwamba mpunga wa Ifakara sasa utapumzika.

Hakuna aliyecheka.

Nikafafanua: mpunga haupumziki, ndiyo maana inachekesha. Bibi Balbina akajifunika kanga usoni. Wazee wakaniuliza tangu lini mkwe akawa mtani. Faini: mbuzi. Nikawaeleza asili ya kicheko. Mbuzi wawili.

Jumamosi, 7 Julai

Gari limefika. Wauguzi wa zahanati nao, kuona mabati yao. Stefania amesema nikishindwa atakuwa anakwenda sokoni kwa njia ya porini, asikutane na watu.

Nilisimulia ya kiboko aliyeingia shamba la mpunga akamwamkia mwenye shamba. Kisha nikaeleza kwamba kiboko hasemi. Fundi mitambo akasema shikamoo mzee, utepe umekwisha.

Akaitwa Fulgensi. Utepe ukapatikana. Alisimulia ya mwalimu aliyetania msibani kwa mama mkwe wake, halafu akamfafanulia. Aliigiza hata kikohozi changu. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Zawadi aliyopewa Fulgensi aliikabidhi kwa wauguzi, inunue bati, akisema hadithi ni ya Mwalimu, yeye kaiazima tu. Stefania amerudi nyumbani kwa njia kuu.

Jumapili, 8 Julai

Nimeelewa. Hadithi ilichekesha kwa sababu ndani yake mlikuwa na maelezo. Maelezo yangu! Na Bibi Balbina hakucheka kwa kuwa wazee walinikatiza kabla sijamaliza. Nakwenda kwake sasa hivi. Stefania amekaa mlangoni kunizuia, lakini dirisha liko wazi.

Nawe usomaye, kama uliwahi kumtania mtu akanyamaza, mrudie leo ukamfafanulie.