Tramu ya Mtaa wa Tarrant Irudishiwe Vituo Vyake Vinne

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Tramu, Melbourne,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba kiti chako cha ofisini hakijakatwa mguu mmoja kwa ajili ya maboresho. Mimi mzima, ila magoti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka 1967 tramu yetu ilikuwa na kondakta, Thanasis. Alinikatia tiketi, akaniuliza kwa Kigiriki, "Dada, unashuka wapi?" Nikamjibu, "Utakaposhuka wewe." Tukaoana. Baadaye mkawaondoa makondakta, mkaweka mashine. Nimeisalimia miaka mingi, haijawahi kuniitikia.

2. Mashine nayo mkaing'oa, mkaleta kadi. Kadi inalia "tii". Ndiyo huduma yote.

3. Mwaka jana mkaiboresha njia kwa kuikata vituo vinne vya mwisho. Mkituboresha mara tatu tena, tramu haitatoka bandani, na hapo itakuwa bora kupita zote duniani.

4. Kituo cha mwisho cha zamani kiko mlangoni pa nyumba ya wazee anakotunzwa Thanasis, ambaye siku hizi nikichelewa ananisahau. Jumanne nilikataa kushuka. Dereva, kijana wa visiwa vya Tonga aitwaye Tevita, akasema, "Bibi, hapa ndio mwisho."

"Mwisho wako au wangu?"

"Wa reli, bibi."

Nikakaa. Tulienda mjini na kurudi mara mbili, mimi na sinia langu la mkate wa spinachi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mrudishe reli kabla ya Pasaka. Mkishindwa, ihamisheni nyumba ya wazee, pamoja na mume wangu na waridi zake, hadi pale mlipochokea.

Wasalimie wahandisi, makarani, na yule aliyeichora ramani mpya. Mwambie namwombea magoti kama yangu.

Ni mimi, abiria wako wa tangu ujana,
Stavroula Kanellis

Baada ya saini: Reli ziacheni. Leo, kabla sijaiposti barua hii, Tevita alitumia mapumziko yake kunishika mkono, tukatembea vituo vyote vinne. Thanasis alipoiona sare ya Tevita akasimama wima: "Umechelewa, mwenzangu! Abiria wamejaa?"

"Hadi mlangoni, bosi."

Mume wangu akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Krismasi. Kesho wamepanga kukutana tena, na mimi nimeruhusiwa kuwepo. Mkiifikisha tramu pale getini, Tevita atatupungia mkono tu, ageuze, asiingie ndani.