Pingamizi Dhidi ya Posa kwa Sababu ya Magurudumu Mawili Yasiyo na Cheti

Kwa Mwoka Mikate wa Kona,
Mjomba wa Kijana Anayeposa.

Ndugu Mjomba,

YAH: MAGURUDUMU YA MPWA WAKO

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiamini tanuri lako linawaka na mgongo wako umepata nafuu. Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini mimi nitakieleza zaidi, maana nilikuwa ofisa forodha mpaka nikastaafu, na katika kazi yangu sikuwahi kuruhusu kitu kijieleze chenyewe.

Jumapili mlikuja kwangu, wewe, shangazi yake na kijana mwenyewe, kumposa binti yangu. Mlikaa vizuri, mlizungumza vizuri, na mkate mliouleta ulikuwa bado wa moto. Niliwaahidi jibu kabla ya Jumapili nyingine. Jibu ni hili: kwa sasa, hapana. Sababu si tabia ya kijana, wala kazi yake ya ufundi friji, wala ukoo wenu. Sababu ni magurudumu ya baiskeli yake.

Tafadhali usicheke. Mke wangu amekwisha kucheka kwa niaba ya wote.

Huenda hujui, mjomba, kwamba baiskeli za mbio siku hizi huvaa magurudumu ya kaboni. Kaboni ni kitambaa cheusi kinacholowekwa gundi, kikapangwa tabaka juu ya tabaka, kikaokwa kama mkate wako mpaka kikawa kigumu na chepesi. Mimi ninayo. Ya kwangu yana stika yenye bendera ndogo na maandishi ya dhahabu yanayosema yametoka Ulaya. Nayatundika sebuleni juu ya televisheni, na nayaosha kwa sabuni ya watoto. Mke wangu huyaita "paa la jikoni", kwa sababu ya akiba iliyokuwa imewekwa kando kwa ajili ya paa hilo. Mvua ikinyesha, anaweka ndoo jikoni, halafu anakuja sebuleni anayatazama. Hilo ni suala la ndani, nisingependa uliingilie.

Sasa malalamiko yangu.

1. Kijana alipofika aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wangu. Magurudumu meusi tititi, hayana hata herufi moja. Kule forodhani, mzigo usio na maandishi ndio tuliokuwa tukianza kuufungua. Nikamuuliza kwa upole, kama ninavyomuuliza kila mtu, yametengenezwa wapi. Akasema Uchina. Hakukohoa, hakuangalia chini. Nimeona watu wazima, wenye makontena yao, wakilowa jasho kwa swali hilohilo. Yeye ati Uchina, baba, niliagiza moja kwa moja kiwandani, kisha akaomba apitishiwe sukari. Jamani! Mtu anataja kwao na huku anakoroga chai?

2. Nilimtaka anipe cheti cha asili, ile karatasi inayothibitisha kitu kimetoka wapi. Hana. Akafungua simu akanionyesha picha ya kiwanda: geti jekundu, na ndani wanawake wawili wenye glavu wanapanga vitambaa vyeusi kwenye kalibu. Nikamwambia picha si cheti. Basi akatoka uani, akavua tairi lake la mbele, akabandua utepe ulio ndani ya rimu, akanionyesha jina la kiwanda, limeandikwa kwa wino mweupe, herufi ndogo kama ufuta. Nikamwambia wino usio na mhuri ni uchafu tu. Nikamkumbusha na wahenga, kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Akanijibu kwa adabu zote kwamba yeye hajakataa kwao, ametaja mpaka rangi ya geti. Adabu ya namna hiyo inaudhi kuliko matusi, mjomba, nadhani unanielewa.

3. Hili naliandika kwa uchungu. Jumatano nilimwalika tupande mlima wa tangi la maji, ili magurudumu yajibu yenyewe. Nilitangulia. Nilikuwa naenda vizuri sana, na mwuza magazeti pale kwenye kona ni shahidi. Katikati ya mlima nikasikia kitu kinavuma nyuma yangu, na kabla sijageuka kijana yuko ubavuni, ananiambia shikamoo baba, sauti tulivu kama mtu aliyekaa kwenye kochi. Halafu akapita.

Mjomba, sikuwa na pumzi ya kuitikia. Nilifungua mdomo ukatoka mluzi. Marahaba yangu ilipatikana kileleni, na wakati huo yeye alikuwa amekwisha kugeuka anateremka, akanipungia mkono. Katika maisha yangu sijawahi kubaki na shikamoo ya mtu kifuani. Kijana anayemsalimia mzee mahali ambapo mzee hawezi kuitikia, huyo amesalimia au ametukana? Nakuachia wewe uamue, ila nimekwisha kuamua.

Kisayansi haiwezekani. Magurudumu ya Ulaya hayapitwi na magurudumu ya Uchina kwenye mlima uleule, siku ileile, upepo uleule. Nimetafakari nikaona maelezo ni mawili tu: ama kijana alidanganya, yake nayo ni ya Ulaya, na basi ni mwongo, ama hakudanganya, na basi amefanya jambo lisilowezekana, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuwa naye ndani ya familia. Mke wangu akasema kuna maelezo ya tatu, akanitazama tumbo. Sikuyaingiza kwenye kumbukumbu.

4. Mpwa wako amewageuza watu wa nyumbani kwangu. Mke wangu, ambaye zamani hakujua kutofautisha gurudumu na sinia, sasa ananihoji kama wakili. Ati kama asili ni muhimu hivyo, mbona mkate wa mjomba niliula nusu nzima bila kuuliza ngano ilivunwa wapi? Ati chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndiyo maana kimoja kina stika na kingine hakina. Ati nyani haoni kundule. Hayo yote asubuhi moja, mjomba, na chai sijamaliza.

Kisha akaleta habari za mama yake. Ni kweli kwamba nilipokwenda kumposa yeye, nilikuwa mgeni kabisa katika mji ule. Sikuwa na mjomba wa kunisemea wala shangazi wa kukaa karibu yangu. Nilikuwa na shati moja zuri na baiskeli yenye pancha. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuniuliza kwetu ni wapi. Aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia mke wangu kwamba huo ni ushahidi usiohusiana na kesi, kwa sababu baiskeli ile ilikuwa ya chuma. Akaondoka mezani.

Na binti yangu hasemi nami. Tangu akiwa mdogo, kila Jumamosi alikuwa ananishikia gurudumu nikijaza upepo. Hata baada ya kuwa muuguzi, hata akitoka zamu na macho mekundu, alikuwa anasimama pale uani kunishikia, ananitania kwamba nikimwozesha nitabaki na nani wa kushika. Jumamosi iliyopita alinishikia, mjomba. Ilikuwa kabla hamjaja, na tulikuwa tunacheka. Leo asubuhi nimejaza peke yangu. Gurudumu linateleza, pampu inatoka, unahitaji mikono minne. Amepita na sare yake ya kazi, amenisalimia kama anavyomsalimia mgonjwa wa wodi nyingine, amekwenda zake. Imeniuma, nasema kweli. Lakini ofisa hawezi kupitisha mzigo kwa sababu moyo unamuuma.

5. Fikiria wajukuu. Watazaliwa, watakua, watauliza. Mmoja ataona babu ana magurudumu ya Ulaya na baba ana magurudumu ya Uchina, na atataka kujua yeye yuko upande gani. Tutamjibu nini? Atagawanyika mtoto. Ataanza kukagua vijiko. Atapindua sahani kabla ya kula aone imeandikwa imetoka wapi, kama ninavyofanya mimi, ilhali mimi nililipwa mshahara kwa tabia hiyo na yeye ataipata bure. Mwisho ataiangalia pua yake kwenye kioo na kuuliza imetoka kwa nani, na mjomba, kwa pua niliyoiona Jumapili, jibu litakuwa upande wenu.

Kwa hiyo, ili tusivunjiane heshima, naomba moja kati ya haya litekelezwe kabla ya Jumapili:

(a) Kiwanda kile chenye geti jekundu kilete cheti cha asili chenye mhuri, nakala tatu.

(b) Ikishindikana, kijana abandike stika ya nchi yoyote ya heshima, angalau mpaka harusi ipite. Sitauliza ameipata wapi.

(c) Ikishindikana hata hiyo, aahidi mbele ya wazee wote kwamba kwenye mlima wa tangi la maji atabaki nyuma yangu, maisha yangu yote.

Bila hivyo nitalazimika kuizuia posa hii bandarini, tuseme hivyo, na haitatoka.

Nisalimie shangazi mtu, mwambie kile kitambaa chake alichokisahau kimefuliwa. Wasalimie wale vijana wako wa tanurini, na yule mama wa kaunta anayenichagulia mkate usioungua. Msalimie pia kijana, lakini usimsalimie sana.

Ni mimi, anayesikitika kukusikitisha,

Baba wa Binti,
Ofisa Forodha (Mstaafu).

TANBIHI:

Mjomba, samahani kwa mwandiko huu. Naandika barabarani.

Barua hii nilikuwa naileta mwenyewe kwa baiskeli, kwa sababu mambo mazito hayatumwi kwa mtu. Nilipofika pale nyuma ya maghala kuna dimbwi, na ndani ya dimbwi kuna shimo, na shimo halikuwa na stika. Nikasikia kishindo kama sahani imeanguka. Gurudumu la mbele limepasuka rimu, mimi nimekaa kwenye matope, mzima, ila suruali.

Nimeliokota. Stika imening'inia. Utepe wa ndani umetoka wenyewe, na chini yake kuna maandishi ya wino mweupe, madogo kama ufuta. Nimevaa miwani nikasoma. Nimevua miwani, nimeifuta, nimesoma tena. Ni jina lilelile, mjomba. Kiwanda ni kilekile. Kumbe magurudumu yangu na ya kijana wenu ni ndugu wa tumbo moja, wametoka geti moja, ila la kwangu lilipitia mahali likavishwa bendera. Na mimi, niliyefungua makontena ya watu mpaka vidole vikaota sugu, la kwangu sikuwahi kulibandua hata kwa ukucha.

Sasa nani apite wakati huo kama si yeye, anatoka kutengeneza friji ya dawa kule zahanati. Ameshuka, ameniambia shikamoo baba. Safari hii nilikuwa na pumzi. Nimeitikia marahaba papo hapo, na nimemwitikia mara mbili, moja ilikuwa ya Jumatano.

Hajacheka. Hajauliza gurudumu langu limetengenezwa wapi, na stika ameiona. Ameniuliza kama nimeumia. Halafu amechomoa gurudumu lake la mbele amelifunga kwenye baiskeli yangu, akanishikisha huku yeye anajaza upepo na kupiga mluzi. Mikono minne. Baiskeli yake ataibeba begani mpaka kwenu, na kwa kuwa anakuja huko, barua ataileta yeye. Ameniuliza ndani ya bahasha kuna nini, nimemwambia kuna jibu. Hakuuliza jibu gani, ila ameacha kupiga mluzi.

Ningeichana, lakini sina karatasi nyingine, na kwa utaratibu wa ofisi barua rasmi haichanwi, inarekebishwa. Naomba basi ufute namba 1 hadi 5. Futa (a). Futa (b). Sharti (c) libaki palepale.

Kalamu inarukaruka kwa sababu meza yangu ni mgongo wake, na nadhani ameanza kuhisi herufi, maana anatetemeka kwa kicheko. Mwambie gurudumu lake ninalo na sitalirudisha. Kama analitaka, aje nyumbani Jumapili pamoja nanyi, abishe hodi, nami nitakaa kwenye kochi na kumwachia binti yangu afungue mlango.